Dobi Aliyeonja Madoa ya Gari

Hebu mtie machoni kwanza huyu mtu anavyofika. Gari ni jeupe, jipya, viti vyake bado vimevaa nailoni za dukani, na linaingia mtaani kwa mwendo wa mtu aliyebeba sinia la glasi zilizojaa maji. Kichwa cha dereva kiko nje ya dirisha. Haangalii mbele. Anaangalia chini, ubavuni, ahakikishe hakuna tope linalorukia rangi. Kuku wamelipita. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani amelipita, kisha akarudi kuuliza kama kuna tatizo, na dereva akamjibu kwa adabu zote kwamba tatizo hakuna, ila angeshukuru sana kama ndoo ingesogea kidogo, maana inacheza.

Huyo ndiye dobi wa mtaa, Kiboko kwa jina la utani, na kwa kirefu Kiboko ya Madoa. Na yule aliyesimama getini, kanga kaifunga kiunoni, uso wa furaha kwa nje na tumbo limemshika kwa ndani, ni mkewe. Furaha ya nje utaielewa mwenyewe, gari jipya ni gari jipya. Hali ya tumboni itabidi nikueleze, na siwezi kukueleza bila kukuonyesha kwanza mumewe anavyofanya kazi.

Chumba cha kazi cha Kiboko kimeungana na nyumba, mlango mmoja tu ukitenga chakula na sabuni. Ndani mna meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za umeme na moja ya mkaa ya siku umeme ukikatika, waya za kuanikia zinazokwenda ukuta hadi ukuta, na rafu ya chupa zisizo na maandishi: siki, spiriti, maji ya limau, mafuta ya taa, maji ya magadi. Nguo ikiletwa na doa, Kiboko hamuulizi mteja amemwagikiwa na nini. Wateja, anasema, ni waongo. Mtu atakuambia chai na doa lenyewe linasema mvinyo. Basi yeye huiinua nguo kwenye mwanga wa dirisha, huinusa, halafu huligusa doa kwa ncha ya ulimi. Chumvi, sukari, mafuta, damu, wino, ulimi ule ulikuwa unazijua zote. Siku za mwanzo za ndoa mkewe alikataa kubusiwa kwa sababu hiyo hiyo. Baadaye alizoea, akabakiza sharti la kusukutua.

Ila ulimi haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kidole gumba cha kulia.

Kidole kile kilikuwa na akili zake. Kikiona doa popote, kinapanda mdomoni, kinalowa, kinashuka na kufikicha, na mwenye kidole anajua baadaye kama wengine. Alishamfikicha mwenye nyumba chunjua la puani wakati wanazungumzia bomba lililopasuka. Alishamfikicha bibi harusi kidoti cha shavuni mbele ya mpiga picha. Siku moja zahanati, amekaa anapimwa presha, aliinua mkono usiofungwa akamfikicha daktari doa jeusi la shingoni, akaona haliondoki, akaongeza mate. Kila mara aliomba radhi, na kila mara kwa maneno yale yale, kwamba samahani sana, nilidhani linatoka.

Sasa, binti yao wa pekee aliolewa mji wa mbali, safari ya kutoka alfajiri mpaka jua lianze kulegea. Mwaka ule alijifungua mtoto wa kike, mzima, mnene, mwenye sauti. Na shavu la kulia la mtoto lilikuwa na baka. Si kidoti. Baka lenyewe, la rangi ya zambarau iliyoiva, linaanzia chini ya jicho na kuteremka mpaka karibu na kidevu. Madaktari walisema halina madhara, amezaliwa nalo na atakuwa nalo.

Binti alimpigia mama yake simu akamwambia yeye peke yake.

“Mama, namjua Baba. Atamfikicha.”

“Baba yako hawezi kumfikicha mjukuu wake.”

“Mama. Alimfikicha daktari.”

Binti akaendelea kwa sauti ya chini, ile ambayo mama yake aliijua kuwa ndiyo ya kweli. Alisema watu wa huko wameshamwangalia mtoto vya kutosha, wengine wanasikitika, wengine wanampa pole kama amefiwa, na yeye ameyavumilia yote. Lakini babu yake mwenyewe akimfikicha, hata mara moja tu, basi. Hatamleta kwao, na wao wasije. Akamwomba mama asimruhusu mzee kufunga safari mpaka yeye mama awe na uhakika na kile kidole.

Picha zilizotumwa kwa babu zote zilikuwa za ubavu wa kushoto. Kiboko aliibandika moja juu ya meza ya pasi, akawa anawaonyesha wateja. Huyu ndiye mke wangu mdogo, anawaambia, mwangalieni anavyokaa kiubavu-ubavu, kama mfalme kwenye sarafu. Na kwa sababu mke mdogo haendewi kwa basi, akatafuta gari. Alilileta siku ya Jumatano. Safari akaipanga Jumamosi.

Sasa tumbo la yule mama pale getini umelielewa.

Usiku wa Jumatano alilala akitafuta uongo wa maana. Afikirie kuugua, afikirie mafuriko, afikirie mkwe kusafiri. Hakuhitaji chochote. Alhamisi asubuhi mumewe aliingia jikoni taratibu, akavuta kiti, akakaa, akasema kwa sauti ya kupeleka habari za hospitali:

“Mke wangu, gari limeugua.”

Walitoka wote. Kwa mbali gari lilikuwa jeupe kama shuka la hoteli. Kwa karibu, ukilala shavu juu ya boneti kama alivyolala Kiboko, uliona vijidoa. Kulikuwa na vya rangi ya kutu, vidogo kama ncha ya sindano, vimetapakaa upande wa ukuta. Kulikuwa na vya njano, virefu-virefu, vimekauka. Chini kabisa, karibu na magurudumu, vilikuwa vyeusi na vinang’aa.

Mama alishukuru kimoyomoyo. Kiboko akasema hata kwa jirani watu hawaendi na gari lenye madoa, sembuse dobi, sembuse kwa mke mdogo. Safari ikasogezwa wiki moja. Halafu akapiga magoti kando ya mlango wa dereva, akatoa ulimi, akaanza kazi.

Mtaa ulisimama. Mtu akimwona jirani yake analamba gari hadharani, asubuhi, akiwa amevaa vizuri, hajui aanze na salamu ipi. Waliopita walisema “pole”, kwa kukisia. Kiboko alionja doa la kutu, akafumba macho, akaonja lingine, akainuka na kutoa hukumu kwamba ile ni damu.

Hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Ulimi wake ulikuwa umeonja damu kwenye mashuka ya hoteli, kwenye aproni za mabucha na kwenye kola za wanaonyoa kwa haraka, na ladha ilikuwa ile ile. Basi akaanza kumtafuta majeruhi. Alipanda ghorofani kwa jirani aliyekuwa anaanika nguo barazani, akamuuliza, shemeji, hivi kwenu kuna mtu anayetoka damu. Jirani akataka kujua kwanza anaitakia nini. Akaenda kumuuliza kinyozi. Mwisho akaamini ni popo mwenye kidonda, na jioni mbili akakaa kwenye kiti uani akiangalia juu, ameshika pamba na spiriti, kwa sababu, alimwambia mkewe, mnyama naye ana haki ya kutibiwa hata kama amekuchafulia. Madoa ya damu hutolewa kwa maji baridi na chumvi. Alilimwagia gari maji baridi na chumvi siku tano.

Yale ya njano yalimpa shida kidogo. Alionja, akapata utamu kwa mbali, halafu uchungu, akarudia ili asimsingizie mtu. Alisema ni dawa ya kikohozi ya watoto, akaenda tena ghorofani kwa shemeji yule yule.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mwanzoni mama alikuwa kama mtu aliyepewa likizo. Kisha picha zikaja, mtoto anakaa mwenyewe, bila mto. Kiubavu, lakini anakaa. Yeye naye hajawahi kumpakata. Hajui ana uzito gani, hajui ananukaje shingoni. Alianza kuona kwamba ile likizo inamla yeye mwenyewe, na kila jioni alipotazama kidole gumba cha mumewe kinavyosugua na kusugua ubavu wa gari, alijua hakifundishwi kuacha, kinafundishwa kuendelea.

Kisha ikaja ile habari ya upande wa nyuma. Dobi yeyote atakuambia kwamba doa halitolewi kwa mbele. Ukilisugua kwa mbele unalizamisha. Unaigeuza nguo, unalisukuma doa lirudi lilikotokea. Kiboko aliifikiria kanuni hiyo kwa siku kadhaa, halafu akachukua bisibisi akafungua milango minne ya gari, akatoa bitana zake zote na kuzipanga sebuleni juu ya makochi. Wageni wawili waliokuja siku hiyo walikaa juu ya mikeka. Alipochungulia ndani ya mlango kwa tochi, alimwita mkewe.

“Upande wa ndani ni msafi. Maana yake halijapenya.”

“Ni bati, mume wangu.”

“Hata bati lina nyuma.”

Mama akaenda kupika. Alipika akijiambia kuwa mtu aliyemuoa ni mwema, hanywi, hapigani, na ana ujuzi. Alirudia hivyo mpaka maji yakachemka. Aliporudi uani alikuta waya wa umeme umetoka dirishani, mumewe ameinamia boneti, ametandika gazeti, na juu ya gazeti anapitisha pasi.

Kama hujui, ndivyo mafuta ya mshumaa yanavyotolewa kwenye kitambaa: karatasi juu, pasi ya vuguvugu, karatasi inanyonya. Madoa meusi ya chini aliyaonja akayajua kuwa lami, na alikuwa anafanya majaribio juu kabla ya kushuka kwenye ugonjwa wenyewe. Alipolibandua gazeti, lami iko palepale ilipokuwa, lakini boneti sasa ilikuwa na maandishi. Yalikuwa yamegeuka, kwa hiyo mtu alihitaji kioo. Jirani wa ghorofani alileta kioo. Yalisomeka: KIWANJA KINAUZWA, MADALALI WASISUMBUE. Kabla ya saa ya chakula walikuwa wameshakuja watu wawili kuulizia kiwanja kiko wapi, na mmoja alikuwa dalali.

Hapo ndipo mama alipovaa viatu. Hakuaga. Alikwenda mpaka kwenye kona, kwenye kibanda cha fundi rangi za magari, akamshika mkono akamleta.

Fundi rangi huyu alikuwa mtu mrefu, kope zake zina vumbi la rangi tatu, barakoa ya kazi ameipandisha kwenye paji la uso kama jicho la ziada. Alilizunguka gari, akalisoma lile tangazo kwa kuinamisha shingo, kisha akauliza nini kimetumika mpaka sasa. Kiboko alimtajia, na huwezi kusema alikuwa anaona aibu. Chumvi, siki, spiriti, pasi.

“Na umeyaonja, mzee wangu?”

“Kila moja.”

“Hata haya ya njano?”

“Haya hasa. Yalinisumbua.”

Fundi alimtazama mama. Mama akatazama ukuta.

“Mzee wangu, haya ni mavi ya nyuki.”

Alionyesha kwa kidole juu, kwenye pembe ya paa la chumba cha dobi, ambako nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwa utulivu wa watu wa kwao. Kiboko alimeza mate. Akasema kwa heshima yake yote kwamba kumbe ndiyo sababu ya ule utamu.

Na ile damu? Fundi alimuuliza kama haisikii mashine ya wale wanaotengeneza mageti nyuma ya ukuta, ile inayolia kutwa. Kila inapokata chuma, cheche zinaruka, zinatua kwenye rangi zingali na moto, zinajichoma ndani kama miiba, na asubuhi umande unazifanya kutu. Ni chuma. Na damu nayo ina chuma ndani yake. Ulimi haukukosea, mzee wangu, alimwambia, umekosea mtaa tu. Kwa maneno hayo akawa amempata. Kiboko alimkaribisha chai, na kazi ikaanza.

Fundi aliliosha gari kwanza kwa maji mengi. Lami akaipaka mafuta ya taa kwa kitambaa laini, akaiacha ilegee, akaifuta. Hapo dobi alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana hiyo alikuwa anaijua. Halafu fundi akavaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi kama glovu, akaupitisha juu ya rangi, akamwambia Kiboko naye afanye hivyo. Mkono mtupu hausikii kitu, ngozi inadanganywa na wororo. Ukivaa nailoni kila chembe inasema. Kiboko alipapasa, uso ukabadilika. Ilikuwa kama kupapasa kidevu cha mtu aliyenyoa juzi. Alizunguka gari zima hivyo, macho kayafumba, na mkewe ilibidi amwambie inatosha.

Kisha ukatolewa udongo maalumu, mlaini kama unga uliokandwa, ukalowekwa kwenye maji ya sabuni na kuteleza juu ya rangi bila kukandamiza, ukizichomoa chembe moja moja, na kila ulipokunjwa ulikuwa umeota kutu ndani. Mavi ya nyuki yaliwekewa kitambaa cha maji ya moto mpaka yakakubali. Tangazo la kiwanja liliondoka kwa dawa ya kung’arishia. Alasiri ilipoingia gari lilikuwa limetakata, na Kiboko alikuwa amesimama mlangoni kwake akilitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ujana wake.

Akalisogelea. Akainama. Kwenye pembe ya boneti, karibu na kioo, palikuwa na doa moja.

Lilikuwa jeusi, dogo kuliko chembe ya ufuta. Alivaa nailoni, hakusikia kitu. Alitoa ulimi kabla ya mtu kumzuia, hakupata ladha. Fundi akaleta tochi na kipande cha lenzi, akaangalia, akacheka kidogo puani.

“Ni kijidudu. Kina miguu kabisa. Kilitua kiwandani, rangi haijakauka, wakakipiga vanishi hapohapo. Hili haliko juu ya gari, mzee. Limezaliwa nalo.”

“Linatoka?”

“Kulitoa ni kukwangua boneti yote na kuipaka upya, na haitarudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani. Mimi ningeliacha.”

Mama alikuwa amebeba vikombe. Alivishusha chini taratibu. Lile neno, limezaliwa nalo, lilimwingia kama mtu aliyemwita kwa jina lake.

“Utaliacha,” akamwambia mumewe.

Kiboko akageuka. Katika ndoa yao mama alikuwa mtu wa kuomba na kushauri, na sauti hii hakuifahamu.

“Mama watoto, ni moja tu. Nikilifanyia kazi polepole...”

“Hutaligusa. Si kwa kitambaa, si kwa dawa, si kwa kidole. Ukiweza kukaa nalo bila kuligusa, tunakwenda kumwona mjukuu. Usipoweza, nitakwenda kwa basi.”

Hakumwambia sababu. Aliona akimwambia atajizuia kwa akili, na kidole kile hakikuwa kinasikiliza akili. Alitaka kukijua chenyewe.

Basi mtihani ukaanza, na mtahiniwa asijue anatahiniwa kwa lipi. Siku ya kwanza Kiboko alilizunguka gari kama paka anayezunguka sufuria ya moto. Ya pili alivaa glovu za mpira. Baadaye alifunga gumba kwa bendeji, na wateja walipomuuliza ameumia na nini alisema bado hajaumia. Mezani aliacha kijiko, akasema lile doa linamtazama. Mama akamwambia ale. Alitoa shati la mwalimu mmoja likiwa bado na doa la wino mfukoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu afungue kazi, na mwalimu aliporudisha lile shati Kiboko alimsikiliza huku shingo imegeukia dirishani, lilipo gari. Mama alihamishia ushonaji wake karibu na dirisha hilo. Hakuwa anatazama uso wa mumewe. Alikuwa anatazama gumba. Linapanda, linafika kidevuni, linasita, linajikuna ndevu, linashuka. Siku nyingine lilifika mdomoni na kulowa kabisa, na mama akashika sindano kwa nguvu, kisha gumba likatumika kufungua ukurasa wa gazeti.

Kuna asubuhi moja Kiboko aliosha gari huku anapiga mluzi. Kitambaa kilipita juu ya kile kijidudu kama kilivyopita kwingine, hakikupunguza mwendo, hakikurudi. Akahamia kwenye mlango wa gari. Mama aliacha nguo iteleze magotini, akamtafuta kwenye simu binti yake, ambaye alishamsimulia habari ya ule mtihani.

“Amefaulu,” alimwambia.

“Kwa mtoto?”

“Kwa mdudu.”

“Mwanangu si mdudu, Mama.”

“Najua, mwanangu. Ndiyo maana na mimi naogopa. Lakini tunakuja.”

Walisafiri wakiwa wamenyooka, nailoni za viti zikilia kila wanapopumua. Walipokuwa wamebakiza mwendo mfupi, mama alimwomba asimamishe gari chini ya kivuli. Alimwambia yote: baka, rangi yake, linapoanzia na linapoishia, picha za kiubavu, na sharti la binti yao. Hakupunguza. Kiboko alisikiliza, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Lori lilipita.

“Kingo zake zikoje?” akauliza. “Zimekatika, au zinafifia?”

“Mume wangu, lile si doa.”

“Sijasema ni doa. Nimeuliza kingo.”

“Mume wangu.”

“Basi. Nimenyamaza.”

Akawasha gari. Kwa njia yote iliyobaki midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, na mama alijua anapitia zile chupa za rafuni, moja baada ya nyingine.

Binti aliwafungulia mlango, mtoto begani, shavu la kulia amelilaza shingoni kwake. Alimsalimia baba yake, akamkumbatia kwa mkono mmoja, na ule mwingine haukumwachia mtoto. Mama alipewa kiti hakukaa. Kiboko aliomba sabuni. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa shati lake mwenyewe, akainyoosha mbele.

“Nipe mke wangu nimwone.”

Binti akamtazama mama. Mama akakubali kwa macho, na hajui mpaka leo aliupata wapi ujasiri huo. Kiboko alimpokea mtoto, na kwa mazoea ya maisha yote akampeleka kwenye mwanga wa dirisha. Alimgeuza huku. Akamgeuza huku. Alichungulia nyuma ya sikio, kama anavyochungulia chini ya kola. Mtoto alikuwa ametulia, anamtazama, ameshika kifungo cha shati lake. Gumba la kulia likaanza kupanda. Lilifika kidevuni, halikujikuna ndevu. Likaingia mdomoni, likatoka limelowa. Binti alipiga hatua moja mbele na mama alimshika mkono, bila kujua anamzuia au anajishikilia.

“Nani aliwaambia hili ni doa?” Kiboko aliuliza, bila kugeuka.

Akamsogeza mtoto dirishani kabisa.

“Watu wananiletea koti, wananiambia angalia hapa chini ya mfuko pameingia weusi. Nawaambia hapana. Hapo chini ya mfuko jua halikufika. Hiyo ndiyo rangi yenyewe ya koti, ilivyotoka kwa fundi. Kwingine kote ndiko kumepauka.” Akainama karibu zaidi na lile baka, akalitazama kwa muda, kwa macho ya kazi. “Rangi nzuri sana hii. Imeshika.”

Halafu akamgeuza mtoto upande wa pili, na kwa lile gumba lililolowa akamfikicha shavu la kushoto, lile lisilo na baka, la kwenye picha. Mara moja, polepole. Akaangalia kidole. Akamfikicha tena.

“Hapa ndipo pana kazi,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye wasiwasi wa kweli.

Mtoto akacheka. Binti akamgeukia mama yake, macho yamejaa, mdomo haujui uende kwenye kicheko au kwenye kilio, akamuuliza kwa kunong’ona, yule si amefikicha? Sharti lilikuwa lake, yeye mwenyewe ndiye aliyelitamka, hata mara moja tu. Ila hakutaja ni shavu lipi. Na mama akabaki amesimama katikati ya sebule ya watu, mkono wa binti yake mkononi, anatakiwa kujibu.

Ungekuwa wewe, ungesema amefikicha, au hajafikicha?